Mteremko Niliouchora Mimi

Jumatatu, 12 Mei

Edson kaniletea daftari hili kutoka hospitali anakofanya kazi. Jalada lina tangazo la dawa ya presha. Akasema niandike humo hasira zangu badala ya kuzimalizia kwenye masufuria. Haya, mume wangu, naandika.

Kazi yangu ni kuchora ramani. Naamka hapa Garland, nafungua kompyuta kwenye chumba tulichosema kitakuwa cha wageni, na kutwa nzima natazama kisiwa ambacho sitakikanyaga maishani. Kinaitwa Vardholm, kiko juu kabisa karibu na ncha ya kaskazini. Barafu, mawe na ndege, basi. Mwisho wa Julai meli itawashusha pale watafiti sita, nao watakivuka kwa miguu wakiburuta mizigo kwenye sleji zinazoteleza juu ya theluji, wakifuata ramani yetu. Picha zinatoka kwenye setilaiti. Vipimo vya ardhini tulivyo navyo ni vya wapima waliokwenda mwaka 1964 wakaandika kila kitu kwa penseli.

Bosi wangu, Humphrey, yuko ofisi kuu ya Houston. Ni Mkenya wa Nakuru. Siku naajiriwa nilifurahi, nikasema hapa nimepata mtu wetu. Leo mtu wetu kanipigia mara nne kabla ya saa sita mchana kuuliza nimefika wapi. Ningekuwa mbali sana kama angeniacha nifanye kazi.

Garland nyuzi 31. Vardholm kasoro 6, chini ya sifuri.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua ya mawe. Paa la gari la Edson limebonyea lote. Kisiwa hakijambo.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemaliza rasimu, na nina hamu ya kumtupia mtu kitu.

Setilaiti hupiga picha mahali pamoja kutoka pande mbili, kompyuta ikazilinganisha na kukwambia pana urefu gani, kama macho yako mawili yanavyokwambia ngazi iko wapi. Penye ukungu macho hayo hayaoni, na penye theluji nyeupe tupu hayana pa kushika. Hapo hubaki tundu. Nilikuwa na matundu arobaini na moja. Arobaini nimeyaziba kwa picha nyingine, moja moja, mpaka shingo ikakataa kugeuka. Hilo la mwisho liko kiunoni mwa kisiwa, urefu wa kilomita mbili, upana mita mia saba. Kila picha niliyoifungua, ukungu. Nimefungua picha sitini na tatu.

Saa tisa Humphrey akapiga, akauliza kwani nangoja nini, si nijaze kama tunavyojaza siku zote. Ni kweli, siku zote tunajaza. Unachukua kingo za tundu, kompyuta inatandika shuka kutoka ukingo hadi ukingo. Juu palikuwa mita 410, chini 290. Nikabonyeza, nikapata mteremko laini, mzuri, mtu angeshuka huku anapiga mluzi. Nikatuma.

Nikaenda kupika.

Jumapili, 1 Juni

Kanipigia simu binti anaitwa Joyceline, wa Muleba, anasomea barafu katika chuo kimoja cha Houston. Mhaya na barafu wapi na wapi, nilimtania, akacheka mpaka akakohoa. Namba yangu kapewa na katibu wa umoja wetu wa Watanzania. Kumbe ni mmoja wa wale sita, tena ndiye mdogo kuliko wote. Rasimu wameshaipata na njia wameshaipanga. Watapita kiunoni, maana pale pana mteremko mmoja tu, watashuka na sleji zao mchana mmoja.

"Nilipoona jina lako pale chini, dada Prudensia, roho ilitulia," alisema.

Nilijisikia mtu mkubwa siku nzima. Edson kaniambia nipunguze kutembea kama mke wa mkuu wa mkoa.

Jumanne, 10 Juni

Akina mama wa umoja wanamwandalia Joyceline hafla ya kumuaga, DeSoto, tarehe 21. Zawadi? Wote kwa pamoja: kanga. Mimi kwa kimbelembele changu nikasema kwa nini tusimchapishie kanga yenye kisiwa chenyewe. Pindo iwe ya kanga, ila katikati, kwenye mji, iwe ramani. Tena kitambaa hakiloani kikachanika kama karatasi, anaweza kukitumia hukohuko. Wamepiga vigelegele kwenye simu.

Halafu tukabishana saa nzima na ushee juu ya maneno ya kuandika. Tumeishia NENDA SALAMA MWANETU. Rasimu ya ramani nimewatumia mimi.

Nyuzi 35 na hewa kama ya ndani ya sufuria.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepeleka kitambaa kwa Mado, Haltom City, akipige pindo. Mado ni mama wa Goma. Kutwa anafungasha maboksi kwenye ghala, jioni anashona. Kakizungusha kitambaa mara tatu, kauliza hii karte iko ya wapi, na watu wake wako wapi. Nikasema hakuna watu. Akasema basi ni nchi ya amani, akaendelea kushona.

Alhamisi, 19 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Leo ni sikukuu ya nchi hii, wenzangu hawako kazini. Nilikuwa nahakiki vipimo vya 1964. Siku zote tumetumia lile jedwali la mwisho lenye namba zilizopangwa vizuri, na hakuna aliyefungua picha za madaftari yenyewe, kurasa mia nne za mwandiko wa penseli. Nilifungua kwa uchovu tu, kwa kuwa nilitaka kuona mwandiko wa watu hao.

Ukurasa wa 212. Wako kwenye rundo la mawe waliloliita la saba, juu ya kiuno cha kisiwa. Mpima kachora mstari mlalo, halafu mstari ukaenda chini wima, kisha mlalo tena. Kapima pembe mbili kuelekea chini. Pembeni kaandika maneno kwa lugha yao. Nikayapitisha kwenye programu ya kutafsiri: "Hatukuweza kushuka. Tumerudi."

Nimezikokotoa zile pembe mara sita. Zinatoa ukuta wa mita tisini hadi mia. Jedwalini hazikuingizwa kwa sababu hawakuwa na uhakika na mahali pa lile rundo.

Mimi nilitandika shuka juu ya genge. Shuka hilo ndilo lililopangiwa njia, watu sita na sleji, na binti mmoja ambaye roho yake imetulia kwa sababu kaona jina langu.

Jumamosi, 21 Juni

Sikumwambia.

Niandike tena ili nione lilivyo baya: sikumwambia. Ukumbi umejaa, Joyceline katengenezwa nywele, akina mama wamevaa sare. Nilikwenda nimeazimia kumvuta pembeni. Mlangoni tu nikashikwa mkono nikapelekwa meza ya mbele, na kabla sijakaa mshehereshaji akaita zawadi. Kwetu anayeagwa haambiwi habari mbaya. Analishwa, anaombewa, anachezewa ngoma. Ningesema nini, na pale wamemvisha kanga mabegani, vigelegele juu?

Akaivua, akaitandaza juu ya meza, akawaonyesha watu njia yao kwa kidole. Alipofika kiunoni akasema, "Hapa ndipo tutashuka. Hapa dada katurahisishia." Wakanipigia makofi. Nilikuwa na pilau mdomoni na sikuweza kulimeza wala kulitema.

Nenda salama mwanetu. Na ramani iliyochapishwa humo niliituma mimi.

Jumatatu, 23 Juni

Nimempigia Humphrey, kwa mara ya kwanza mimi ndiye nimempigia yeye. Nikamtumia ukurasa wa 212 na mahesabu yangu. Kasikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia. Kisha kasema lile rundo la saba, kwa vipimo vya zamani, liko mita mia tatu nje ya mahali ambapo setilaiti ingeliweka. Kwa hiyo ukuta unaweza kuwa popote. Pengine ni lile genge la pwani ambalo tayari limo kwenye ramani.

Kinachoniudhi ni kwamba hoja anayo. Siwezi kuthibitisha ukuta upo pale. Lakini yeye hawezi kuthibitisha mteremko upo pale, na ramani inasema upo. Nikamwomba jambo moja tu, tuondoe shuka, tuache peupe, tuandike hapajapimwa.

"Pru, contract inasema ramani isiwe na tundu hata moja," alisema. "Client akiona white hapo katikati, atauliza tumekuwa tukifanya nini miezi mitano. Usinichome."

"Tumwambie ukweli. Hatujui."

Akauliza, "Na aliyejaza hapo ni nani?"

"Ni mimi."

"Haya basi," alisema, akakata simu.

Nilioga kwa maji ya baridi nikiwa na nguo.

Jumanne, 24 Juni

Nimemwambia Joyceline. Nimemwambia yote, hata la pilau. Kwa adabu inayoniua, alisema atamfikishia kiongozi wao.

Alhamisi, 26 Juni

Kiongozi kajibu kupitia kwake. Kati ya setilaiti ya mwaka huu na penseli ya miaka sitini iliyopita, yeye anaamini setilaiti. Joyceline akaongeza kwamba labda nina wasiwasi tu, dada, nipumzike. Na kanga atakwenda nayo, maana zile kompyuta za mkononi betri zinakufa kwa baridi.

Yaani vitu vyote vikizima, atakachobaki nacho mkononi ni uongo wangu wenye pindo.

Nyuzi 36.

Jumanne, 1 Julai

Barua pepe ya tatu kwa Humphrey. Kimya. Nyuzi 37.

Alhamisi, 3 Julai

Barua pepe ya nne. Amejibu: "Noted." Nyuzi 37. Nimevunja kikombe, na safari hii si kwa bahati mbaya.

Jumatano, 9 Julai

Ramani ya mwisho imekwenda. Niliituma kwa Humphrey ikiwa na peupe kiunoni. Saa mbili baadaye niliona nakala aliyompelekea mteja, na peupe hapakuwepo. Kalitandika shuka mwenyewe, kwa mkono wake.

Nilikuwa nikimwita mtu wetu. Edson kasema labda na yeye ana bosi wake anayempigia mara nne kwa siku. Nikamwambia aende akalale na huyo Humphrey wake. Nimemwomba radhi baada ya chakula.

Jumatano, 16 Julai

Joyceline anaondoka Jumanne ijayo. Nimekwenda kwa Mado kumwomba kipande cha kitambaa cheupe, kigumu. Nikamwambia nataka kukata sehemu ya ramani niweke tundu la kweli. Akanizuia, akasema nikiikata itachanika yote. Nishone kiraka juu yake, mishono midogo, mara mbili. Halafu akauliza ju ya nini. Nikamweleza.

Aliweka mkasi chini. Mado si mtu wa maneno mengi kuhusu kwao, lakini leo alisema, "Wakati ya vita tulikuwa natembea na miguu. Mutu mwenye alisema kule sijue, tulimushukuru. Mwenye alituharibia ni ule alisema njia iko muzuri, na hakuipita."

Akanipa kitambaa, na sindano yake nzuri.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeendesha saa nne na nusu hadi Houston nikiwa nasema peke yangu garini. Kumnyang'anya mtu zawadi aliyopewa mbele ya ukumbi mzima ni jambo ambalo mama yangu asingenisamehe. Joyceline alifungua mlango, mabegi yamejaa sebule, kanga imekunjwa juu kabisa. Nilipoiomba kidogo alidhani nataka kuipiga picha.

Nikakaa kwenye zulia lake nikashona. Akaniletea chai. Kiraka kimeficha ule mteremko wote, ukingo hadi ukingo, na nimeandika kwa wino usiofutika: HAPAJAPIMWA. Kanga imeharibika, hilo wala sijidanganyi. Imekaa kama shati la fundi rangi.

Nikamwambia, "Ile ramani ya kampuni sina mamlaka nayo. Hapa ninayo. Mkifika kwenye kiraka, simameni."

"Wao ni wakubwa wangu, dada. Nitawaambia nini?"

Nilinywa chai ikiwa imepoa, nikarudi Garland.

Ijumaa, 1 Agosti

Wameshuka kisiwani salama. Garland nyuzi 39, Vardholm 3.

Jumatano, 6 Agosti

Hakuna habari. 40 na 2.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuna habari. Kwa hesabu yangu wako karibu na kiuno. Picha ya setilaiti ya leo ni ukungu mtupu kisiwa kizima. Nimeitazama hata hivyo, asubuhi yote. Kiyoyozi kimekufa, na fundi anasema Jumatatu.

Jumapili, 10 Agosti

Hakuna habari. Sikwenda kanisani. Edson kaenda, kasema ataomba kwa niaba yangu na nisijaribu kumsahihisha.

Jumanne, 12 Agosti

Ujumbe kutoka simu yao ya setilaiti, saa nne asubuhi: "Tumefika kwenye kiraka. Hakuna mteremko dada. Ni ukuta. Wote wazima."

Nimelia mpaka jirani akagonga mlango.

Jumamosi, 6 Septemba

Joyceline amekuja Garland, kakonda, pua imebabuka kwa baridi huku sisi tunatoka jasho. Kaleta kanga. Inanuka mafuta ya taa.

Kanieleza. Siku ile ukungu ulikuwa wa kutoona viatu vyako. Kompyuta ya kiongozi ilionyesha mteremko unaanza hatua mia mbili mbele, akasema tufunge sleji vizuri tushuke. Joyceline anasema hajawahi kumbishia mtu mzima, hata mwalimu wake wa darasa la tatu aliyekuwa akikosea hesabu. Akaitoa kanga, akamtandikia kiongozi magotini, kiraka juu.

"Nikamwambia, aliyechora ramani yako ndiye aliyeshona hapa. Kaendesha gari saa nne na nusu kuja kufuta kazi yake mwenyewe. Kisha nikakaa juu ya sleji. Nikasema mimi siendi mpaka nione."

Wakangoja kwa muda wa saa kumi na tisa. Kiongozi hakumsemesha. Mmoja wao alimwambia wazi kwamba anawapotezea siku kwa sababu ya kitambaa. Ukungu ulipoinuka, ukingo ulikuwa hatua arobaini kutoka sleji ya mbele. Chini, mita tisini na sita.

Kiongozi alikwenda akasimama mbali na ukingo, akatazama, akarudi, akamwomba kanga tena. Wakapima ukingo, nukta tisa, kila moja Joyceline akaiandika kwa kalamu juu ya kiraka mahali pake. Kisha wakageuka wakarudi walikotoka, kama wale wa 1964.

Niliweka kiganja juu ya zile namba. Nikaenda kumpakulia ugali.

Jumatatu, 8 Septemba

Humphrey kapiga. Habari anazo. Hakuomba radhi, na mimi sikumsaidia. Kasema sasa data tunayo, nijaze lile tundu vizuri, ramani irudi kwa mteja leo.

Nimeingiza nukta zote tisa. Zinafunika nusu kilomita ya ukingo. Kilomita moja na nusu iliyobaki hakuna aliyeiona, si setilaiti, si wapima wa zamani, si Joyceline. Nimeiacha peupe, nikatuma, nikakaa na simu mapajani.

Alipiga baada ya dakika kumi. Nilisikia anavuta pumzi.

"Na hapa kwingine, Pru?"

"Hapajapimwa."

Nikasikia simu nyingine ikiita mezani kwake, akaiacha iite mpaka ikakata. Ikaanza tena.

"Sawa," alisema. "Iache hivyo. Huyu anayepiga wacha nimjibu mimi."

Bado nina hasira naye. Nina hasira zaidi na yule aliyebonyeza kitufe tarehe 23 Mei akaenda kupika. Joyceline ameniuliza kama afumue kiraka, aipeleke kanga kwa Mado irudishiwe uzuri wake. Nimemwambia asithubutu.

Garland nyuzi 33. Vardholm kasoro 1.